Chupa ya Jemu Juu ya Mzinga

Mzinga wenye njaa ni mwepesi. Asubuhi ile niliingiza vidole chini ya sanduku, upande wa nyuma, nikalinyanyua kidogo kama mtu anayepima mzigo kabla ya kujitwisha. Sanduku likapanda, moyo ukashuka. Lilikuja juu kama kapu tupu. Nikaliteremsha taratibu, nikabaki nimechuchumaa, nikihesabu: wiki tatu na siku mbili, kisha Baba Mdogo atakuja kupiga hodi. Asipojibiwa, sina pa kulala.

Nieleze hodi hiyo ni ipi, maana watu wengi huwakimbia nyuki badala ya kuwasalimia. Baba yangu alifuga nyuki maisha yake yote katika uwanja wa nyuma ya nyumba yetu. Hakuwahi kufungua mzinga bila kuugonga kwanza kwa kifundo cha kidole, mara moja tu, kisha akaweka sikio. Nyuki walio na mama yao, yule malkia, hujibu kwa mkato, vuu, halafu kimya, kama watu wa nyumba yenye adabu. Nyuki waliofiwa na mama hulia kwa kuvuta na hawanyamazi upesi. Na mzinga uliohamwa haujibu kitu. Utasikia kidole chako mwenyewe kikikurudia. Siku ambazo mafua yalimziba masikio, Baba aliokota kijiti kikavu, akauma ncha moja, ncha ya pili akaigusisha kwenye mzinga. "Meno nayo yanasikia," alikuwa akiniambia, "na yenyewe hayasengenyi."

Tulizaliwa wawili. Mama alifariki mdogo wangu wa kiume hajaanza kutembea, mimi nina miaka tisa. Shule ilikuwa na nafasi, nyumba haikuwa na mtu. Basi mtoto nikambeba mgongoni, nikamtafunia chakula, na alipofika umri wa shule nikampeleka mpaka mlangoni, nikarudi kuosha vyombo. Alisoma, akasoma, akasoma tena, hata mtaa mzima ukamwita Msomi, na mpaka leo mke wake mwenyewe humwita hivyo. Mimi nilisomea moshi. Baba alirina asali, mimi nikashika kopo la moshi. Niliolewa miaka minne, nikarudi na sanduku la nguo lile lile nililoondoka nalo, na Baba hakuniuliza neno. Alisema tu, "Washa moshi, leo tunarina ule mzinga wa pembeni." Kwa adabu hiyo nitamwombea mpaka nife.

Miaka yake kumi ya mwisho mgongo ulimkataa. Mizinga ishirini na miwili ikawa mikononi mwangu. Nilikuwa nakwenda mjini kusafisha ngazi na sakafu za jengo la ofisi, narudi mchana, navua sare ya kazi, navaa koti la Baba. Siku tatu kabla ya kufa alimwita ndugu yake, ambaye ndiye Baba Mdogo, akasema mbele yetu sote: "Uwanja wa nyuma na kile chumba anacholala binti yangu ni vya nyuki na anayewatunza. Siku nyuki wakiondoka, fanyeni mtakavyo."

Watu wa msibani hawajatawanyika, Msomi akaniletea karatasi na kidau cha wino.

"Dada, weka dole hapa. Ni orodha ya waliohudhuria mazishi."

Nikaweka. Nani atautilia shaka mkono aliouosha mwenyewe ukiwa mdogo? Haikuwa orodha. Ilikuwa karatasi ya kwamba nimeridhia mizinga yote iwe yake. Wiki ya pili lori likaja, mizinga ikapakiwa, ikapelekwa shambani kwake, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Na jioni ile ile akamwambia Baba Mdogo, sauti imejaa huruma kama ya daktari, "Nyuki ndio wameondoka hivyo. Dada aanze kutafuta pa kukaa."

Baada ya dole lile nilikwenda kujifunza kusoma na kuandika, kama mtu anayenunua kufuli mwizi akiwa ameshakula na kulala.

Nilichookoka nacho ni kisanduku kimoja kibovu ambacho Baba alikitupa nyuma ya choo. Kilikuwa bado kinanukia nta. Kabla Msomi hajamaliza kupigilia vigingi vyake vya kujengea vyumba vya kupangisha, kundi la nyuki likaja likaingia humo. Nilipiga kelele mpaka jirani akadhani nimeumwa na nyoka. Nikakiweka kisanduku juu ya miguu minne, nikamwita Baba Mdogo, naye akaja, akatazama, akajikuna kidevu.

"Wamo," akasema.

"Hao ni wapita njia, Baba Mdogo," akasema Msomi. "Leo wamo, kesho hawamo."

"Basi kiangazi ndiye hakimu. Jumamosi ya mwisho ya kiangazi nitakuja mwenyewe kupiga hodi. Wakijibu, dada yako anakaa na uwanja wake. Wasipojibu, jenga."

Msomi akakubali upesi mno. Vigingi hakuving'oa. Kamba yake ilipita mbele ya mlango wangu, na kila siku nikawa naivuka kwa kuinua mguu kama mbuzi.

Sasa kiangazi kile kilikuwa cha kutisha. Maua yalikauka yakiwa bado machanga. Na nyuki wa kwetu hawasubiri kufa njaa ndani ya nyumba. Wakiona ghala limekwisha, huacha kulea watoto, hula tone la mwisho, halafu siku moja saa tano ya mchana wanatoka wote kwa pamoja wakaenda zao. Hawaagi. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilichuchumaa mlangoni mwao, nikaona wanaorudi wanarudi mikono mitupu, miguu haina hata chembe ya unga wa maua. Kazini nilipiga deki huku nikiangalia saa ya ukutani. Ikifika saa tano naacha deki, nasogea dirishani. Mkuu wa jengo aliniuliza kama nina mgonjwa nyumbani. Nikamjibu ninao elfu kadhaa. Akadhani namkebehi.

Nilijua wanachotaka: sukari na maji, mpaka mvua ije. Baba aliwahi kufanya hivyo mwaka mmoja, nikiwa kwa mume, kwa hiyo sikuona alivyofanya. Nilichokumbuka ni sinia lake la maji, lile aliloliweka chini mbele ya mizinga wakati wa joto, na kokoto ndani yake ili nyuki wasizame. Nikasema moyoni, kama wanakunywa maji hivyo, na sukari watainywa hivyo hivyo. Nikachemsha maji, nikayeyusha sukari, kikombe kwa kikombe, nikaacha ipoe, nikaimimina kwenye sinia lenye kokoto, nikaliweka mbele ya mlango wao mchana kweupe. Ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Nikakaa kwenye kigoda, nikajipongeza.

Mwanzo walikuja wachache, wakapanga midomo ukingoni kama watoto. Nikafurahi. Baada ya nusu saa walikuwa wengi. Baada ya saa moja walikuwa wengi kuliko kisanduku kinavyoweza kubeba, na hapo ndipo nilipoacha kufurahi. Sinia lilikauka, lakini wao hawakuondoka. Walianza kujipenyeza mlangoni mwa mzinga, na walinzi wakawarukia. Nyuki wakabingirishana kwenye kibao cha mlangoni wawili wawili, wanachomana, wanaanguka chini wakitetemeka. Maji hayanuki, jamani. Sukari inanuka. Nilikuwa nimeita wezi kwa kengele, nikawaonyesha na mlango.

Nikaziba mlango kwa nyasi mbichi, nikaacha upenyo wa nyuki mmoja. Kisha nikakumbuka ujanja wa Baba. Nikachota unga wa ngano, nikawanyunyizia wale wezi mgongoni, nikasimama kuwatazama wanakoelekea. Wakapaa weupe kama waokaji mikate, wakazunguka mara moja, wakashika njia iliyonyooka kuelekea shamba la Msomi.

Nilikaa chini, nikacheka mpaka nikalia. Nyuki niliowalea mwenyewe kwa mikono yangu, nikawafukizia moshi, nikawapangusia siafu, wanakuja kuniibia kilichobaki. Mtoto humfuata mlezi, lakini nyuki hawa walikuwa wameshamfuata mwenye nyumba mpya.

Siku ya pili nilipounyanyua mzinga ulikuwa mwepesi zaidi. Zilibaki wiki mbili na ushei.

Nikafahamu kuwa chakula lazima kiwe ndani, juu, gizani, mgeni asikione wala asikinuse. Mzinga wangu una vibao vya juu vilivyopangwa kimoja kimoja, nyuki huning'iniza masega yao humo. Nikawaza: nikisogeza vibao viwili, nikaacha upenyo wa kidole, nikaweka chombo juu ya upenyo kimegeuzwa kichwa chini, watapanda wanyonye kutoka chini yake. Chombo nilikipata kazini, kwenye pipa la taka la jikoni: chupa pana ya jemu yenye kifuniko cha bati cha kuzungusha. Nikaificha ndani ya ndoo ya deki kama mwizi. Mlinzi wa getini aliiona.

"Mama, hiyo jemu imekwisha."

"Najua, mwanangu. Nami natafuta iliyokwisha."

Nyumbani nikatoboa kifuniko kwa msumari, matundu kumi. Nikajaza maji ya kawaida kwanza, namshukuru Mungu kwa wazo hilo, nikaipindua juu ya sufuria. Ikamwagika yote kama mvua ya mawe. Ningeipindua juu ya mzinga, ningewazamisha wote kwa upendo. Nikapata kifuniko kingine, nikatoboa kwa sindano ya kushonea nguo. Sindano ikavunjika, na tundu lililopatikana halikutoa hata jasho.

Nikaenda kwa fundi viatu wa kona, mzee mwenye ulimi mkali na mikono ya taratibu. Aliniita Mama Nyuki tangu Baba alipokuwa hai.

"Mama Nyuki, leo umeleta kiatu cha kioo?"

"Nataka matundu, fundi. Si makubwa, si madogo."

"Ukubwa gani? Wa kupita nini?"

"Wa kupita ulimi wa nyuki."

Akanitazama juu ya miwani. "Miaka arobaini napima nyayo za watu. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kuletewa ulimi." Lakini akachukua ile sindano yake nene yenye mpini wa mbao anayotobolea ngozi, akaweka kifuniko juu ya kisigino cha kiatu kibovu, akabonyeza ncha tu, si shingo ya sindano. Tundu moja. Tukajaribu na maji yake ya kunywa. Chupa ilipopinduliwa, matone matatu yakaanguka, tap, tap, tap, kisha maji yakajizuia yenyewe, yakabaki yamening'inia kwenye tundu kama chozi lisilotaka kuanguka. Ukiligusa kwa kidole, linakuja. Ukiliacha, linakaa.

"Linakaa kwa nini?" aliuliza.

"Sijui, fundi. Sikusoma."

"Mimi nilisoma kidogo na sijui vilevile." Akatoboa mengine manane. Nilipomwuliza nimpe nini alisema nimwombee kwa nyuki wangu wasije kumuuma.

Jioni ile, jua limekwisha kutua na wezi wamelala, niliweka chupa. Niliipindua kwanza pembeni, juu ya sufuria, ili matone ya mwanzo yasianguke ndani. Nikasogeza vibao. Harufu iliyotoka mle ilikuwa nyembamba, harufu ya nyumba ambayo jiko halijawashwa. Nikaweka chupa juu ya vijiti viwili, kifuniko chini, nikaifunika na ndoo kuukuu, ndoo nikaikandamiza kwa jiwe. Miguu ya mzinga nilikuwa nimeisimamisha kwenye makopo ya oili chafu ili siafu wasipande. Kisha nikagonga kwa kifundo cha kidole. Vuu. Fupi, dhaifu, lakini fupi. Mama yao yupo.

Asubuhi nikainua ndoo. Sukari ilikuwa imeshuka vidole viwili. Nyuki walikuwa wamejazana chini ya kifuniko, midomo juu, hawanitazami hata. Nilirudisha ndoo kwa mikono miwili kama mtu anayefunika mtoto aliyelala.

Nikaacha sukari kwenye chai. Nikaacha na chai. Kila jioni nilitengeneza, kila asubuhi niliinua ndoo. Lakini usidhani nilipata usingizi. Vikishuka vidole viwili nilisema wanakula kwa sababu wanajiandaa kuhama. Kikishuka kidole kimoja nilisema wamepungua. Siku moja haikushuka kabisa, nikaenda kazini nikiwa nimevaa viatu vya aina mbili. Kumbe matundu yaliganda sukari, nikayasafisha kwa maji moto. Na kila baada ya siku mbili Msomi alipita na futi yake ya kupimia, akisema ni kuangalia vigingi. Hakuangalia vigingi. Alisimama karibu na mzinga, mikono nyuma.

"Dada, ndoo hiyo juu ni ya nini?"

"Ni kofia. Jua kali."

"Unawalisha?"

"Nilikulisha wewe, hukuniuliza."

Akaondoka. Kesho yake mchana mke wake akaja peke yake, akiwa na mfuko chini ya mkono. Ndani mlikuwa na sukari, mfuko mkubwa.

"Wifi," akasema, haniangalii, "nimesikia umeishiwa."

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nimeona unavyokonda."

"Na Msomi anajua umeleta?"

"Msomi anajua mengi. Hili halijui." Akaweka mfuko kizingitini, akaivuka ile kamba, akasimama. "Wifi, mimi katika nyumba ile ni wa kuja. Kama dada wa damu anapimiwa kamba mlangoni, mimi nitapimiwa wapi?" Akaenda zake.

Nilitamani kumwamini. Lakini mtu aliyewekeshwa dole kwenye orodha ya mazishi hawezi tena kupokea hata maji bila kuyanusa. Nikausukuma mfuko chini ya kitanda kwa mguu. Labda wamechanganya chumvi. Labda dawa ya panya. Nikawa nalala juu yake kama juu ya nyoka.

Siku nne kabla ya Jumamosi ile, sukari yangu ikaisha. Dukani haikuwepo, mwenye duka alisema gari halijafika, nijaribu wiki ijayo. Wiki ijayo! Nikarudi nyumbani, nikakaa kitandani, nikauvuta ule mfuko. Nikalamba chembe moja: tamu. Nikalamba nyingine. Utamu hausemi ukweli wote. Mwisho nikachemsha maji, nikakoroga kikombe kizima, nikakinywa chote, nikajilaza na kungoja. Nilijiambia kama ni sumu, bora wamkute dada mtu amekufa kuliko wakute mzinga umekufa. Tumbo likanguruma, lakini ni kwa njaa. Asubuhi nikaamka nikiwa hai, na nguvu nilizokuwa sina kwa siku nyingi. Nikawapa nyuki.

Sijamwambia Wifi mpaka leo kwamba nilimwonja kabla ya kumwamini.

Jumamosi ikaja na wingu. Ilikuwa mara ya kwanza kuona wingu baada ya miezi mingi, na kwa mtu mwingine yeyote ingekuwa furaha. Kwangu ilikuwa balaa, maana nyuki hawatoki kukiwa na ubaridi. Saa mbili, hakuna nyuki mlangoni. Saa tatu, hakuna. Nikawaza: jana saa tano nilikuwa kazini. Kama walihama jana saa tano, ningejuaje? Jioni niliweka chupa bila kugonga, nilikuwa nimechoka. Asubuhi ile nikaogopa kugonga, hata kuinua ndoo. Nilinyoosha kidole mara mbili nikakirudisha. Afadhali kutojua dakika kumi zaidi.

Wakafika pamoja. Baba Mdogo mbele na kofia yake, Msomi nyuma na futi mkononi, na fundi mwashi wake amesimama barabarani akisubiri kuitwa. Ndiyo, alikuja na mwashi.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekauka hivyo?"

"Kiangazi, Baba."

Msomi akaharakisha. "Baba Mdogo, tazama mlangoni. Kuna hata mmoja? Mimi nimepita juzi, nimepita jana, mambo ni hayo hayo. Dada anafuga ndoo." Akatoa funguo zake mfukoni, akagonga sanduku kwa nguvu, ka-ka-ka-ka, kama mtu anayedai kodi.

"Usigonge hivyo!" nikasema. "Wanagongwa mara moja, kwa kidole!"

Baba Mdogo akavua kofia, akainama, akaweka sikio kwenye mbao. Akakaa muda mrefu. Akainuka, akatikisa kichwa taratibu.

"Sisikii kitu, mwanangu."

Msomi akamgeukia mwashi wake barabarani, akainua mkono.

Na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mtu mwenye akili timamu angelikumbuka mwezi mzima kabla. Baba Mdogo hasikii. Miaka sita sasa hasikii vizuri. Ukimwambia chai anakuletea kofia. Tumezoea kumpigia kelele hata tumesahau kuwa tunapiga kelele. Wote watatu tulikuwa tumekubali kwa dhati kabisa kwamba hakimu wetu awe kiziwi.

Nikang'oa kigingi kimoja cha Msomi, kile kilichokuwa mbele ya mlango wangu, kikavu na kimenyooka, nikapangusa udongo kwa nguo yangu.

"Baba Mdogo! Uma hapa!"

"Nini?"

"Uma! Kama Baba alivyokuwa anauma akiwa na mafua!"

Akanitazama, kisha uso wake ukalainika. Alikumbuka. Akauma ncha moja kwa yale meno yake yaliyobaki, akainama, ncha ya pili akaigusisha kwenye sanduku. Msomi akasema mambo haya ni ya kitoto. Nikakunja kidole. Nikawaomba radhi kimoyomoyo kwa zile funguo. Nikagonga, mara moja.

Mimi sikusikia. Masikio yangu yalikuwa yamejaa damu. Nilimtazama Baba Mdogo tu. Alikuwa amefumba macho. Nyusi zikapanda. Kigingi kikamcheza mdomoni. Akakitoa, akapangusa midomo, na nikaona macho yake yana maji.

"Vuu," akasema. "Kisha kimya. Mama yupo." Akavaa kofia. "Kaka yangu naye alikuwa akiuma hivi hivi."

"Baba Mdogo," akasema Msomi, "hao ni nyuki wa sukari. Wanalishwa kwa chupa ya taka. Ungewaacha hivi hivi wangekuwa wameondoka zamani. Hiyo si haki."

Hayo Baba Mdogo aliyasikia. Watu wasiosikia husikia wanachotaka.

"Na wewe ulikulia majani? Ulilishwa kijiko na nani, mpaka ukasoma hizo haki?" Kisha akamfokea yule mwashi kutoka pale pale uwanjani, arudi kwake, leo hakuna kazi. Akanigeukia. "Unakaa. Lakini maneno ya marehemu ni yale yale, mwanangu. Maadamu nyuki wamo. Kiangazi kijacho nitakuja tena."

"Njoo na meno, Baba Mdogo."

Akacheka mpaka akakohoa. Msomi hakucheka. Alizungusha kamba yake kwenye kiganja, akang'oa vigingi vitatu vilivyobaki, akaondoka bila kuaga. Sikumwita. Sijamsamehe, na wanaoniambia damu ni nzito kuliko maji hawakuwahi kuwekeshwa dole.

Walipokwisha kutoka nikainua ndoo. Chupa ilikuwa kavu, imelambwa ikang'aa, na chini ya kifuniko nyuki walikuwa wanapapasa matundu kwa ndimi zao, moja baada ya jingine. Hapakuwa na hata tone. Wingu lilikuwa limeshaanza kupasuka, jua linachungulia, na ilikuwa inakaribia saa tano. Nikakimbilia jikoni kuwasha moto, nikakipasua kile kigingi kikawa kuni, nikateka maji, nikauvuta mfuko wa Wifi kutoka chini ya kitanda. Kikombe kwa kikombe. Maji yalikawia kuchemka, nikasimama mlangoni na kijiko mkononi, jicho moja kwenye sufuria, jicho moja kwenye mzinga.